Kompyuta nane kuhamia mfumo huria: shajara ya mradi

Shajara hii naiandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kufanya kazi kama hii: kuwaingiza kwenye mfumo endeshi huria, yaani Linux badala ya Windows, watu wanaotumia kompyuta kwa barua, picha, masomo na benki, ambao hawana haja ya kujua mashine inafanyaje kazi ndani. Walioomba ni wanane, ndugu na majirani, kila mmoja na mashine yake. Wengi wao walisukumwa na jambo moja: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Ipo nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha, lakini baada ya hapo kompyuta nzima kabisa inabaki bila ulinzi.

Gharama naziandika kwa saa na kwa GB za data. Programu zenyewe hazilipiwi. Muda unaliwa sana, nanyi mnaofuata mjue hivyo mapema.

8 Novemba 2025. Kuhesabu mashine, na hotuba iliyoanzia mbali

Nimezipitia mashine zote nane na kuandika prosesa, RAM, ukubwa wa diski na aina ya Wi-Fi. Tano hazikidhi masharti ya Windows 11: nne hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa zake ni za zamani, ya tano ina RAM ya GB 2 wakati sharti ni GB 4. Tatu zinakidhi, ila wenyewe wana sababu zao za kutaka Linux.

Nimechagua Linux Mint 22.2, mojawapo ya aina nyingi za Linux, iliyotoka Septemba mwaka huu. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, kwa hiyo itasasishwa hadi 2029, na menyu yake iko kona ya chini kushoto, pale pale ambapo mkono wa mtumiaji wa Windows umezoea kwenda. Zenye RAM ya GB 4 na zaidi zitapata dawati (mwonekano wa skrini na menyu) la Cinnamon, ile ya GB 2 itapata Xfce ambayo ni nyepesi. Mwenyewe natumia Debian, aina nyingine ya Linux, na naipenda. Lakini mtu anayehama ana mageni ya kutosha, sikuona sababu ya kumtafutisha hata kitufe cha kuzimia.

Jioni niliwakusanya wote. Nikaanza na Richard Stallman na mradi wake wa mfumo huria, GNU, wa mwaka 1983, nikaja kwa Linus Torvalds aliyetangaza kiini cha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, nikaeleza uhuru wa aina nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa hata ile uliyoibadilisha. Nilizungumza dakika 40. Mambo haya nayaamini kwa moyo wote, na ndiyo yaliyonifanya nikubali kazi hii. Lakini nilipomaliza, swali la kwanza lilitoka kwa shangazi: "Mwanangu, na picha zangu zitakuwepo?" La pili lilihusu printa. La tatu liliulizwa na mzee mmoja mstaafu: herufi zitakuwa kubwa au ndogo?

Nikaacha maneno. Nikachomeka flashi kwenye laptopu ya jirani ambaye ni karani, nikaiwasha Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nikampa mausi. Alifungua picha zake mwenyewe zilizomo kwenye diski, akaandika mistari miwili, akazima, na alipowasha tena akaikuta Windows yake kama alivyoiacha. Uhuru wa kugawa nakala niliueleza kwa flashi ile ile: naweza kukunakilia wewe, nawe ukamnakilia mwenzako, na hakuna sheria tutakayovunja. Walielewa kwa dakika moja. Anayefuata njia hii aanze na flashi, na historia aiweke kwa watakaouliza.

Gharama: saa 5.

9 Novemba. Flashi haikuwa na kosa

Flashi ya jana niliazima. Leo nilitengeneza za kwangu. Faili la ISO, lenye mfumo mzima wa kusakinisha, ni karibu GB 3, na mtandao ulikatika mara mbili nikiwa napakua. Kivinjari kikasema limekamilika, nami nikakiamini. Mashine ya majaribio iliwaka vizuri, kisha katikati ya kusakinisha ikagoma, ikilalamika kwamba haiwezi kusoma mafaili. Nikabadilisha flashi, ikagoma pale pale. Nikabadilisha tundu la USB, vilevile. Saa 3 zilikwisha ndipo nikakumbuka kupima SHA256, alama inayoonyesha kama faili limefika zima, ya faili lenyewe.

Kwenye Linux amri ni `sha256sum jina.iso`, kwenye Windows ni `certutil -hashfile jina.iso SHA256`. Unatoka mstari wa herufi na tarakimu 64, nazo zinatakiwa zifanane zote na zile zilizochapishwa na Mint. Zangu hazikufanana. Nilipakua upya kwa torenti, ambayo hukagua kila kipande kinapoingia, na kazi ikaenda.

Flashi ya pili nimeiwekea Ventoy. Ukishaiandaa mara moja, unanakili ISO juu yake kama unavyonakili wimbo, hata tatu au nne kwa pamoja, na inapowaka unachagua unayoitaka. (Ventoy itakuja kuniletea shida tarehe 22, someni huko kabla hamjaitegemea.)

Gharama: saa 5 badala ya 1. GB 6 badala ya 3.

15 Novemba. Mashine ya mwalimu, na nilichosahau kunakili

Mwalimu alitaka Windows iondoke kabisa. Nilinakili Documents, Desktop, Pictures na Downloads kwenye diski ya nje, nikafuta, nikasakinisha. Usakinishaji wenyewe ulichukua dakika 25. Sauti, Wi-Fi, kamera, vyote viliitika bila kuombwa.

Kisha akafungua Firefox na kuuliza nywila zake ziko wapi.

Alikuwa ameziacha zote ndani ya kivinjari cha zamani, pamoja na alamisho za miaka sita. Kivinjari hakihifadhi vitu hivyo kwenye Documents. Vinakaa kwenye folda iliyofichwa ndani ya akaunti ya mtumiaji, na mimi nilikuwa nimeshaifuta diski. Jioni mbili mfululizo tulikaa pamoja tukirejesha akaunti moja baada ya nyingine. Moja hadi leo haijarudi, kwa sababu namba ya simu iliyosajiliwa haipo tena. Mwalimu alinivumilia sana. Mimi niliumia, maana kosa lilikuwa langu lote na aliyelipa ni yeye.

Tangu siku hiyo, kabla ya kufuta chochote:

- Natoa nywila kutoka kwenye kivinjari kama faili la CSV na alamisho kama faili la HTML. CSV ile haina ulinzi wowote, hivyo naifuta mara tu nywila zinapoingia nyumba mpya.
- Nanakili folda nzima ya mtumiaji pamoja na zilizofichwa, siyo zile nne zenye majina mazuri.
- Diski ya zamani haifutwi siku hiyo hiyo. Nakala inafunguliwa kwanza kwenye kompyuta nyingine, mwenyewe akiwa anaangalia.

Shida ya pili ilikuwa ya fonti. Mtihani wake wa kurasa mbili ulifunguka LibreOffice (programu huria ya kuandikia hati na majedwali) ukiwa na kurasa tatu, na swali la 14 limekatika katikati. Mwalimu aliliona hilo kabla yangu. Hati iliandikwa kwa Calibri, fonti ambayo si huria na haikuwemo kwenye mashine, kwa hiyo LibreOffice ikaweka nyingine yenye herufi pana zaidi. Dawa ni Carlito, fonti huria iliyochongwa ili upana wa kila herufi ulingane na wa Calibri. Caladea inafanya hivyo kwa Cambria, na Liberation kwa Arial na Times New Roman. Ni amri moja:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Ukurasa wa tatu ukatoweka. Mitihani yenye majedwali ndani ya majedwali bado huyumba kidogo, na hiyo anaipeleka kwa wachapaji ikiwa PDF.

Gharama: saa 7, kisha saa 5 za kurejesha akaunti.

22 Novemba. Mwanafunzi, na tarakimu 48

Mwanafunzi wa chuo anataka mifumo yote miwili kwenye laptopu moja: Linux kwa somo la uprogramu, Windows kwa programu moja ya kuchora ambayo chuo kinaidai.

Nilichomeka flashi ya Ventoy, mashine ikaikataa kwa sababu Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka, ilikuwa imewashwa. Nikaingia kwenye UEFI, mipangilio ya ndani ya mashine, nikaizima Secure Boot, nikafurahi kuona Mint inawaka. Tulipojaribu kurudi Windows kuangalia jambo fulani, ikatokea skrini ya buluu inayodai ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows), tarakimu 48. Mwanafunzi hakujua hata kama diski yake imefungwa kwa ufunguo. Laptopu nyingi za sasa hufungwa hivyo kiwandani, na mpangilio wa kuwasha ukiguswa, BitLocker hudhani kuna mwizi. Inafanya kazi yake sawasawa. Aliyeugusa bila kuuliza ni mimi.

Ufunguo ulikuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, na akaunti ilikuwa imefungamana na barua pepe aliyoisahau. Siku mbili zikapita kabla ya kuupata. Siku mbili hizo alikuwa na kazi ya kuwasilisha, nayo imo humo humo ndani. Sitaki mtu mwingine apitie hali ile.

Zaidi ya yote, kuzima Secure Boot hakukuhitajika. Mint huwaka Secure Boot ikiwa imewashwa. Iliyokataliwa ilikuwa Ventoy, ambayo huhitaji ufunguo wake uandikishwe kwanza kwenye mashine. Flashi ya kawaida iliyoandikwa ISO moja kwa moja ingepita.

Utaratibu wangu sasa kwa mashine yoyote itakayobaki na Windows: kutafuta ufunguo wa BitLocker na kuuandika kwenye karatasi, kusimamisha BitLocker kwa muda kutoka ndani ya Windows, kupunguza sehemu ya diski kwa kutumia Disk Management ya Windows yenyewe, na hapo ndipo flashi inachomekwa.

Jambo dogo lililomchanganya siku iliyofuata ni saa. Kila akitoka Linux kwenda Windows, saa inakosea kwa idadi ile ile. Linux huweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huiweka kwa saa za mahali ulipo. `timedatectl set-local-rtc 1` imemaliza ugomvi huo.

Gharama: saa 9, na wasiwasi mwingi.

29 Novemba. Nimesimamisha usakinishaji

Mashine mbili zimekamilika na zote mbili niliwaumiza wenyewe. Nimekaa chini na maandishi yangu. Linux yenyewe haijashindwa mahali popote. Yaliyoharibika yote yalikuwa mambo ya mtu ambayo sikumuuliza: nywila anazikumbukaje, hati zake zinakwenda kwa nani, diski yake imefungwaje. Orodha yangu ya kwanza iliuliza habari za mashine tu.

Kwa hiyo nimegeuza mpangilio. Watu sita waliobaki hawahami bado. Nimewawekea programu huria juu ya Windows waliyonayo: Firefox, LibreOffice, VLC ya kuchezea video, na darktable ya kuhariri picha kwa mpiga picha. Zote zina toleo la Windows na ni zile zile watakazozikuta Linux. Ombi langu kwao ni kufanya kazi zao zote za kawaida kwa programu hizo kwa wiki mbili na kuandika kila kinachokwama, hata kama ni kidogo. Za zamani sijaziondoa. Mtu akikwama saa nne usiku arudi kwenye anayoijua, na kesho aniambie.

LibreOffice nimeipanga ihifadhi kwa .docx na .xlsx, miundo ya Microsoft Office, kwa wale wanaotumia hati pamoja na watu wengine. Moyo wangu uko kwa ODF, ambayo ni muundo wazi na ni kiwango cha shirika la viwango la kimataifa, ISO, tangu 2006. Lakini barua isiyofunguka kwa mpokeaji haimsaidii aliyeiandika.

Gharama: saa 6.

13 Desemba. Waliyoandika

Karatasi sita zimerudi, na ni mali. Shangazi ameandika kwamba kila neno la Kiswahili limepigiwa mstari mwekundu, "kama mwalimu mwenye hasira." Kwenye Linux kifurushi cha `hunspell-sw` kinaleta kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia. Haijui maneno yote, ila wekundu unapungua sana. Jirani karani hakukwama popote. Mzee hapendi ukubwa wa vitufe. Binamu anataka kujua mbona VLC inacheza video zilizokuwa zimekataa.

Mhasibu ndiye aliyenisimamisha. Vitabu vyake vya hesabu vina makro (amri za kujiendesha) nyingi alizoandika mwenyewe kwa VBA, lugha ya Microsoft Office, na nyingine zinagoma ndani ya LibreOffice. Tena anatumia programu ya mishahara iliyotengenezwa kwa Windows pekee. Nikajaribu kuiendesha kwa Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, kwenye mashine yangu. Ilifunguka, ikaonyesha majina, ikakataa kuchapa hati za malipo. Jioni nzima iliishia hapo.

Nimemwambia abaki Windows. Mashine yake ni mojawapo ya zile tatu zinazokidhi Windows 11, na ameshahamia huko. Firefox na LibreOffice amezibakiza kwa kazi zake binafsi. Kama ningesakinisha kama nilivyofanya mwezi uliopita, watu wangekosa mishahara yao kwa wakati kwa sababu ya shauku yangu. Haya yamegunduliwa bila kugusa diski hata moja.

Gharama: saa 4.

14 Desemba. Mpiga picha, na diski inayosomeka bila kuandikika

Amebaki na Windows upande mmoja. Safari hii ufunguo wa BitLocker ulikuwa kwenye karatasi kabla ya yote, na usakinishaji ulipita kimya. Picha zake ziko kwenye sehemu ya diski ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows) ambayo mifumo yote miwili inaiona.

Linux ilizionyesha picha lakini ikakataa kuhifadhi chochote kando yake. Nikadhani ni ruhusa, nikahangaika na `chown`, amri ya kubadilisha mmiliki wa faili, na mipangilio ya kupachika diski kwa saa nzima. Kisha nikausoma ujumbe wenyewe, ambao nilikuwa nimeuruka: Windows haikuzimwa kabisa. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, Windows hulala nusu usingizi na kuacha kumbukumbu zake kwenye diski ili kesho iamke haraka. Linux ikiona diski iko katika hali hiyo inafungua kwa kusoma tu, isije ikaharibu.

Mtandaoni nilikuta ushauri wa kuifuta ile kumbukumbu ya usingizi kwa nguvu kutoka upande wa Linux. Msifanye hivyo kwenye diski yenye picha za watu. Kazi ambayo Windows ilikuwa haijamaliza kuiandika inapotea. Ingia Windows, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ya msimamizi, andika `powercfg /h off`, zima. Dakika mbili.

Darktable ameizoea kwa kasi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wiki mbili alikuwa nayo tayari.

Gharama: saa 5.

20 Desemba. Mashine tatu kwa siku moja

Shangazi, jirani karani na binamu. Utaratibu mpya umeanza kulipa.

Ya jirani: hakuna la kuandika. Ya shangazi: printa ilionekana yenyewe, maana ni ya aina inayochapa kupitia mtandao bila draiva (programu ya kuendeshea kifaa) maalumu, na CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux, huzitambua hizo mara moja. Nilimwekea pia Timeshift, programu ya kupiga picha ya mfumo ili likitokea baya urudi nyuma. Nikaweka alama ipige picha kila siku, na nikaongeza folda yake ya nyumbani ndani yake kwa usalama zaidi. Nitajuta baadaye.

Ya binamu haikuwa na Wi-Fi kabisa. Chipu yake inahitaji draiva isiyo huria ambayo haimo kwenye usakinishaji wa kawaida, na ili uipate unahitaji intaneti ambayo huna. Nimeunganisha simu kwa waya wa USB na kuwasha kushiriki intaneti kwa USB. Linux iliiona simu kama kadi ya mtandao papo hapo. Kisha nikafungua programu ya Driver Manager, nikachagua draiva iliyopendekezwa, nikawasha upya. Inaniuma kuweka kipande kisicho huria ndani ya mfumo huria, na nilimweleza binamu hivyo bila kuficha: hiki kimoja hakuna awezaye kukichunguza. Siku moja ataweza kukibadilisha kwa kadi nyingine.

Saa moja baadaye alinipigia: amepakua programu ya .exe, anabofya mara mbili, hakuna kinachotokea. Ni swali la haki kabisa. Kwenye Windows alizoea kuzunguka tovuti akiokota programu. Nikamwonyesha Software Manager, ghala moja ambamo programu zinapatikana zikiwa zimekaguliwa, na zinasasishwa pamoja na mfumo. Hili sasa nalionyesha siku ya kwanza, kabla hata ya kubadilisha picha ya skrini.

Gharama: saa 9 kwa zote tatu.

3 Januari 2026. Mashine ya mzee

Hii ndiyo yenye RAM ya GB 2 na diski ya kuzunguka. Windows yake ilikuwa ya biti 32, aina ya zamani, nikahitimisha kwamba na prosesa ni ya biti 32. Mint 22 ni ya biti 64 pekee. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo imeacha kutoa kisakinishi cha biti 32. Kwa hiyo nikashuka hadi Debian 12, nikasakinisha, nikapanga Xfce, nikapachika fonti na kila kitu. Ilikuwa siku nzima.

Usiku nikaandika `lscpu`, amri inayoeleza prosesa, kwa sababu nyingine kabisa, na mstari wa pili ukasema: 32-bit, 64-bit. Prosesa ilikuwa na uwezo wa biti 64 tangu ilipotengenezwa. Ni Windows tu iliyowekwa ya biti 32 zamani. Kuwasha flashi na kuandika neno hilo moja kungeniokolea siku. Lifanyeni mwanzo kabisa, kwenye kila mashine.

Kesho yake nilianza upya na Mint Xfce. Ilifanya kazi, ila kuwaka kulichukua karibu dakika 2, na Firefox yenye vichupo vitano ilikuwa ikisaga diski. Nikafanya mambo mawili. Nilibadilisha diski kwa SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240, na nikawasha zram, ambayo hubana yaliyomo ndani ya RAM ili nafasi itoshe zaidi kabla ya kukimbilia diski. Sasa inawaka kwa sekunde 30 hivi. Vichupo vitano vinakwenda, kumi haviendi, na mzee nimemwambia hivyo wazi. Kati ya hayo mawili, SSD ndiyo iliyoleta badiliko la kuonekana. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mashine kuukuu, nunua hicho.

Kisha ukaja upande wake yeye: maandishi yakakuzwa, kishale cha mausi kikawa kikubwa, kubofya mara mbili kukapunguzwa kasi kwa sababu vidole vyake havikimbii tena. Nusu saa. Aliitazama skrini akasema, "Hapa naona bila miwani, kijana wangu." Alikuwa ameniuliza hilo tarehe 8 Novemba.

Gharama: saa 11, SSD moja, GB 2 za Debian ambayo haikubaki.

17 Januari. Shangazi na skrini nyeusi

Simu ya asubuhi. Anaandika nywila, skrini inameta, inamrudisha pale pale kwenye nywila. Mara nne. Nilikuwa mbali, nisingeweza kufika.

Dalili hiyo mara nyingi ni diski iliyojaa: mfumo unashindwa kuandika mafaili madogo unayohitaji ili kufungua dawati. Nikaikumbuka Timeshift na ile folda ya nyumbani. Shangazi hupokea video nyingi, anazitazama, anazifuta, akiamini amepata nafasi. Lakini picha za Timeshift zilikuwa zimezishika. Faili likishaingia kwenye picha ya mfumo, kulifuta kwenye folda hakurudishi nafasi hadi picha yenyewe ifutwe. Diski ya GB 120 ilikwisha kwa mwezi mmoja.

Nikamwambia: "Shangazi, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja." Skrini ikawa nyeusi yenye maandishi meupe. Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, nisomee." Aliandika jina lake la mtumiaji. Alipofika kwenye nywila alisema kibodi imekufa, kwani hakuna nyota wala nukta inayotokea. Nilisahau kumtahadharisha: terminali haionyeshi chochote unapoandika nywila. Akaandika gizani, ikakubali. Kisha herufi kwa herufi:

`sudo timeshift --delete-all`

"Vistari viwili vimeungana, shangazi, usiache nafasi katikati." Ikachukua dakika kadhaa. Akaandika `sudo reboot`, mashine ikazima, ikawaka, akaingia. Aliniuliza kama alichokifanya ndicho wanachofanya mafundi. Nikamjibu ndicho hasa.

Nilipofika jioni niliitoa folda ya nyumbani kwenye Timeshift, nikabakiza picha mbili za wiki. Picha zake za familia sasa zinanakiliwa kwenye diski ya nje kwa programu tofauti. Timeshift ni ya kuokoa mfumo. Mafaili ya mtu yana nakala yake, mahali pengine.

Gharama: saa 2 kwa simu na jioni.

31 Januari. Hali ilivyo

Mashine tano ziko kwenye Linux pekee, mbili zina mifumo miwili, moja imebaki Windows. Jumla ni saa 68, takriban GB 22 za data pamoja na masasisho, flashi mbili na SSD moja. Kati ya saa hizo, kusakinisha kwenyewe hakufiki 8.

Yanayosubiri: akaunti ya mwalimu ambayo haijarudi, na makro za mhasibu, ambazo nimeanza kuzisoma moja moja ili nijue zipi zinaweza kuandikwa upya.

Leo shangazi amekuja na rafiki yake na laptopu. Kabla sijauliza lolote, yule mama akatoa daftari: nywila zake, jina la printa, orodha ya watu anaowatumia hati, na tarakimu 48 zilizoandikwa kwa makundi ya sita sita. Shangazi alikuwa amemsimamia akiziandika. Flashi nimeichomeka, na `lscpu` inasema 64-bit.